Sentimita Sabini na Tano Kando ya Choo

Baba mkwe alipoteza mguu wa kulia Jumanne ya wiki iliyopita. Sukari. Walimkata chini ya goti.

Leo Jumatano, mvua haijakatika tangu asubuhi, na sihisi chochote. Nimeshika futi kamba tu, ile ya kushonea.

Jumapili mume wangu alipiga simu kutoka Tunduma, anakoendesha lori. "Mzee akiruhusiwa anakuja hapo nyumbani, mama Neema. Tengeneza bafu." Kama anaagiza soda. Nyumba hii ya mtaa wa Bagamoyo, huu wetu wa hapa Tukuyu, imesimama kwa cherehani yangu, tofali kwa tofali. Hakuuliza.

Basi nimepima.

Bafu ni mita 2.40 kwa 1.80. Mlango una sentimita 70, kiti cha magurudumu kina 66, atakwaruzika vidole. Nimeandika 90, ufunguke kwa nje, ili akiangukia mlangoni tuweze kumfikia. Kiti kinataka 150 kugeuka, kwa hiyo sinki linahamia koridoni. Kutoka katikati ya choo hadi ukutani, 45, na hapo ukutani chuma cha kushikilia.

Halafu kuna hili. Kwetu Wanyakyusa, mke wa mtoto hakutani na baba mkwe. Miaka kumi na moja ya ndoa sijakaa naye chumba kimoja. Nikisikia anakohoa, napita nyuma ya nyumba. Atalala chumba cha nje, na mlango wa bafu nimeuhamishia huko nje, upande wa migomba, asipite sebuleni. Wa ndani unazibwa. Mimi na Neema tutarudi choo cha shimo.

Nimeliandika hilo bila kulia. Hata hasira imechelewa.

Mchana fundi alikuja, akaukagua mchoro wangu, akacheka. "Mama Neema, wewe ukishika mwiko sisi tutarudi kuchuma chai." Kisha akaweka kidole kando ya choo, upande usio na ukuta.

"Hii sabini na tano ya nini?"

"Ya mtu wa kumnyanyua."

"Nani?"

Nikakunja karatasi.

Kila kitu kimeenea isipokuwa huyo mtu. Wa kulipwa, mzee amemkataa. Hataki kuvuliwa nguo na mgeni. Mama mkwe alishatangulia, wifi sina, shemeji sina. Neema ana miaka tisa. Mimi siruhusiwi hata kumtazama usoni, sembuse kumsugua mgongo.

Baba Neema, najua unasoma hapa mtandaoni ninapoandika. Simu hupokei, lakini dole gumba unaweka. Fundi anavunja ukuta Jumamosi asubuhi, na bila jibu lako havunji kitu. Usiniletee pole, wala "tutaona". Nataka jina moja, Ijumaa kabla ya saa kumi jioni: nani atasimama hapo kumwogesha baba yako?