Mtoto Aliyefichwa Macho ya Watu

Mtaa wa Tandamti, Kariakoo
12 Mei 2025

Kwa mjukuu wangu Joyceline,

Marahaba, ingawa hujaniamkia. Wiki mbili hujatia mguu hapa, na Magomeni si Mtwara. Mimi mzima, magoti ndiyo yananisumbua, na presha inapanda nikikuwaza. Hali yako vipi? Miguu bado imevimba? Mtoto anacheza? Nijibu hayo kwanza, mengine baadaye.

Nakuandikia, sipigi simu. Kwenye simu unasema "sawa Bibi, sawa Bibi", kumbe unafanya mambo mengine. Karatasi utaisoma. Kuandika nimejifunza elimu ya watu wazima nikiwa na mama yako mgongoni, kwa hiyo mwandiko wangu usiucheke.

Nasikia kwa mumeo Jovin kwamba ukijifungua unataka kurudi Magomeni, eti kuna dada wa kazi. Dada wa kazi anajua kumkanda mzazi? Anajua uji wa pilipili manga? Mama yako angekuwa hai nisingesema neno. Hayupo. Nimekulea tangu una miaka minne, na kukukanda nitakukanda mimi. Utakuja hapa, utakaa ndani arobaini nzima. Chumba nimeshakiandaa, nimetundika pazia zito, maana dirisha lile linatazamana na ngazi na watu wa ghorofani wanachungulia kama wanaangalia mpira. Mtoto mchanga haonyeshwi ovyo. Macho ya watu mabaya.

Nguo usinunue nyingi. Shali la sufu lipo sandukuni, nilipewa na masista kule Ndanda. Nimelitunza na vidonge vya naftalini miaka yote, tundu la nondo hulioni hata moja.

Na uache kusoma mambo ya uzazi kwenye simu. Unajitia hofu bure. Uzazi ni kusukuma.

Bibi yako,
Blandina


Wodi ya wazazi
24 Mei 2025

Shikamoo Bibi,

Natumaini hujambo na magoti yametulia. Mimi sijambo, ila nimechoka mpaka kope. Jovin anakuletea barua hii na habari: ni mwanaume, kilo tatu na gramu mia moja, amezaliwa leo saa tatu asubuhi.

Bibi, uliniambia uzazi ni kusukuma. Ya kabla ya hapo hukuniambia. Uchungu ulianza jana asubuhi nikiwa nafua. Nikaja, wakanipima, wakasema njia imefunguka sentimita mbili, tembea. Nimetembea korido ile mpaka kila kigae nakijua. Mchana mbili, jioni tatu. Kiuno kinakatika, kukaa siwezi, kulala siwezi, nikisimama nataka kukaa. Mama wa kitanda cha jirani alikuja baada yangu, akajifungua, akahamishwa. Nilimchukia, na hajanikosea kitu. Nesi mmoja, Sabaha, akaniambia, "Wewe mama, hizo nguvu za kupigia kelele ndizo za kusukumia, zitunze." Nikauma kanga. Baadaye akanipa mkono wake nikaushika, na sikuuachia. Amebaki na alama za kucha zangu.

Mtoto hakulia papo hapo. Wakamsugua mgongo, wakamsugua tena, ndipo akalia. Sikujua kama mtu anaweza kuogopa kiasi kile kwa muda mfupi vile.

Wanaturuhusu kesho. Jovin amekubali tuje kwako, umeshinda. Nesi Sabaha amesema siku ya tatu nimrudishe mtoto aangaliwe rangi na uzito. Nikumbushe, maana kichwa changu sasa hivi hakishiki kitu.

Mjukuu wako,
Joyceline


Tandamti
30 Mei 2025

Joyceline,

Nakusalimu kwa sababu ni desturi, si kwa sababu umestahili. Umeamkaje? Mtoto ameamkaje?

Jana mumeo kaingia chumbani na viatu. Kavuta pazia, kambeba mtoto hadi dirishani, kamfunua jicho kwa kidole, halafu kakuambia, "Joy, vaa, tunaenda." Mbele yangu, kama mimi kabati. Jua la saa sita, mtoto wa siku tano, kateremka naye ngazi zote, wauza mitumba wanamwona, wauza vyombo wanamwona. Na wewe ukamfuata kanga imekaa upande. Hata kwaheri.

Sasa nisikilize. Ulisema siku ya tatu apelekwe, nikasema hapelekwi. Nilisema, sikatai. Mtoto hana homa, hakohoi, anaenda kufanya nini kwenye foleni ya wagonjwa? Ukasema analala sana, hanyonyi. Nikakuambia ni mtulivu, wewe ulikuwa hivyo hivyo. Ukasema ana rangi. Nikasema ni rangi ya ukoo, amechukua kwangu. Hayo ndiyo makosa yangu? Nimekukanda asubuhi na jioni, nimekupikia, nimekufulia, na malipo yake ni kuachwa natazama moshi wa bajaji.

Nimempa Jovin supu ya kuku wa kienyeji. Inywe yote, maziwa yashuke. Hasira unaweza kuwa nazo huku umeshiba.

Bibi yako


Tandamti
1 Juni 2025

Joyceline, mke mwenzangu,

Habari za tangu juzi. Mimi nipo, sijui kama ni mzima.

Chupa ya supu imerudi imejaa. Ya juzi imejaa, ya jana imejaa. Jovin nikimuuliza ananiambia, "Bibi, mtoto anaendelea." Anaendelea kwenda wapi? Nimembana mpaka akasema. Kumbe mtoto amelazwa uchi kwenye kisanduku chini ya taa za bluu, amefungwa kitambaa machoni, na wamembadilisha damu. Wanaibadilishaje? Damu si maji ya ndoo.

Tangu asubuhi nipo kwenye meza yangu ya nafaka sokoni, situlii. Mama mmoja kataka kunde nimempimia choroko. Kaniuliza, "Bibi, leo una nini?" Nikamfokea, akaenda zake. Nikainuka nikaenda mpaka kituo cha basi Msimbazi, nikarudi. Nikaenda tena, nikarudi. Mara ya tatu nikapanda, nikafika mpaka geti la hospitali. Mlinzi kaniuliza namfuata nani. Nikasema kitukuu changu. Kauliza jina la mtoto. Jina la mtoto silijui, Joyceline. Nikageuka.

Taa hizo hazimchomi? Analia? Sauti yake ikoje? Nijibu hata maneno mawili. Ukitaka kunijibu kwa matusi, nitayasoma.

Bibi yako


Wodi ya watoto wachanga
2 Juni 2025

Shikamoo Bibi,

Hali yako sikuulizi, Jovin ameniambia. Sijaandika kwa sababu kila nikishika kalamu yanakuja maneno ambayo mjukuu hamwandikii bibi yake.

Mtoto yuko hai. Tulipofika alikuwa hashtuki hata akichomwa sindano. Manjano ilikuwa imefika kwenye nyayo. Daktari akasema ile manjano ikizidi inaingia kwenye ubongo, na mtoto anakufa, au anabaki hasikii, hata kukaa hawezi. Wakamtoa damu kidogo kidogo huku wanamwingizia nyingine, zaidi ya saa moja, mimi nimesimama nje ya mlango wa kioo na maziwa yananichuruzika. Sasa imeanza kushuka. Taa hazimchomi. Kuhusu masikio hatujui bado.

Kuna jambo la pili. Nesi alipolikunjua shali akalinusa, akaniuliza lilikuwa limetunzwa na nini. Nikasema naftalini. Akamwita daktari. Wamempima mtoto, damu yake ina upungufu aliozaliwa nao wa kile kinacholinda chembe nyekundu, na ile naftalini inazivunja chembe hizo. Mtu mwingine angevuta harufu ile asipate kitu. Yeye amefungwa humo siku tano, dirisha limezibwa. Hukujua, na mimi sikujua. Kwa hilo sikulaumu.

Nakulaumu kwa siku ya tatu. Nilikuomba, Bibi. Nilikuomba nikiwa nimekaa kitandani nimemshika.

Daktari anasema upungufu huu mara nyingi unatoka kwa mama kwenda kwa mwanawe wa kiume, na mama anaweza kuwa aliupata kwa mama yake. Anataka kujua kama kwetu kuna mtoto wa kiume aliyewahi kuwa na manjano, au aliyekufa mchanga, ili wajue watakavyowaangalia na nitakaowazaa baadaye. Nikasema hakuna, mama yangu alikuwa mtoto wa pekee. Akasema niulize tena.

Nakuuliza tena. Usinifiche kitu kwa kunihurumia. Ukinificha, Tandamti sirudi na mtoto humwoni. Nimeandika hivi nikiwa na akili zangu.

Joyceline


Tandamti
6 Juni 2025

Joyceline,

Hamjambo huko. Siku nne naandika barua hii nachana. Daftari limeisha, hii ni karatasi ya kufungia karanga, mafuta yake usiyashangae.

Alikuwepo. Kabla ya mama yako nilizaa mtoto wa kiume, Ndanda, mwaka sabini na tano. Jina lake Melkiori. Siku ya tatu akageuka rangi, na mimi mjinga nikafurahi. Nikamfunga lile shali, nikamzungusha nje ya kanisa baada ya misa, kila mtu anasema mtoto mzuri, mtoto mweupe huyo. Siku ya nane akafa. Mama mkwe akasema nimemuua mwenyewe kwa kumtembeza, macho ya watu yamemla. Nikaamini. Mimi na babu yako tukahamia mjini, na mtu akiniuliza nina wangapi nasema mmoja. Hata mama yako hakuambiwa.

Sasa lile lililokuwa linanichanisha karatasi. Siku ile ya tatu uliposema mtoto ana rangi, mimi nilikuwa nimeshaiona. Asubuhi ulipoingia kuoga nilimfunua jicho, kama alivyofanya mumeo. Niliijua. Mimi sina weupe wowote, Joyceline, unanijua, mimi mweusi kama chungu. Hiyo rangi ya ukoo niliitoa wapi? Nikajiambia nikimficha huyu, asionwe na mtu yeyote, safari hii itapita. Kila ulivyosema tumpeleke ndivyo nilivyozidi kukaza pazia. Nilikuwa nafoka kwa sababu ningenyamaza ungejua nimeiona.

Ningekuacha uende ile siku ya tatu, asingefikia kubadilishwa damu. Hilo nalijua, halihitaji daktari.

Kuomba radhi sijui, sikufundishwa. Nimeandika kilichotokea. Mpe daktari aisome mwenyewe. Supu nimemkabidhi Jovin. Kama hutaki kuinywa kwa sababu yangu, inywe kwa sababu ya maziwa.

Mimi,
Blandina


Wodi ya watoto wachanga
14 Juni 2025

Shikamoo Bibi,

Supu nilikunywa. Barua yako nimekaa nayo wiki nzima. Niliisoma nikalia kwa ajili ya mtoto ambaye sikumjua, halafu nikakasirika upya kwa ajili ya huyu wangu, halafu akataka kunyonya, nikaiweka.

Leo tumeruhusiwa. Tunaenda Magomeni, hatuji kwako, na kwa hilo usininunie. Ananyonya sasa kama mtu mwenye hasira. Wamempima masikio. La kulia limejibu, la kushoto halikujibu. Wanasema ni mapema, watarudia. Tumepewa karatasi ya dawa na vitu ambavyo hatakiwi kupewa wala kuvikaribia maisha yake yote. Jina lake ni Aristides, kalichagua Jovin.

Daktari amesoma barua yako mara mbili. Ameuliza kama mwenyewe unaweza kuja kliniki Jumatatu saa mbili asubuhi, kuna mambo anataka kuyajua kuhusu yule wa kwanza, siku kwa siku, alivyokuwa. Nikamwambia nitakuuliza.

Sijui kama nimekusamehe, Bibi. Labda nikikuona nitajua. Njoo.

Joyceline


Tandamti
15 Juni 2025

Marahaba mjukuu wangu,

Mimi sijambo. Nimemsalimia Aristides, mfikishie, sikio la kulia.

Kesho nitakuja. Nitaondoka mapema, foleni siiamini. Sitabeba kitu, na mtoto sitamshika mpaka wewe useme shika. Usiposema, nitamtazama tu nirudi zangu. Na umwambie huyo daktari asinisemeshe polepole kama mtoto wa chekechea. Aulize, nitajibu.

Miaka hamsini hakuna mtu aliyewahi kuniuliza habari zake. Kwa hiyo tangu jana nimekaa nakumbuka, nisije nikakosea mbele za watu. Alizaliwa Jumanne, mvua inanyesha. Alikuwa na nywele nyingi, zimelala kwenye paji la uso. Ziwa la kulia alilikataa, alinyonya la kushoto tu, na akishiba anapiga chafya, mara mbili, kila siku mara mbili. Siku ya sita hakupiga chafya.

Bibi yako