Besi ya Iorwerth

Jumatano, 2 Januari 2019

Haya. Mjukuu wangu Lowri anasema niongee tu, simu itaandika yenyewe. Anasema bibi una maneno mengi, yatafutie pa kukaa. Basi nayakalisha hapa, na asiyasome mtu. Mvua toka asubuhi. Kondoo wa Clive wamevunja ua tena — lakini silo nililotaka kusema.

Nilichotaka kusema ni cha jana. Tumekaa jikoni kwangu, mimi na kaka yangu Tecwyn, tunawaza plygain, ibada ya nyimbo za Krismasi, ambayo kwetu huwa Januari. Jumapili ya tarehe kumi na tatu, kanisani kwetu. Watu wanatoka kwenye mabenchi kundi kwa kundi, haitwi mtu, kinanda hakuna, kila ukoo na wimbo wake wa Krismasi. Wimbo ukishaimbwa, hakuna wa kuurudia jioni ile. Wetu ni wa babu yake Tada, baba yetu. Sauti tatu. Mimi juu, Tecwyn katikati, binamu yetu Iorwerth chini, kwenye besi. Na Iorwerth tumemzika Oktoba. Wimbo ule bila besi ni kigoda cha miguu miwili.

Clive alikuwa anatuoshea vyombo. Mume wa binti yangu Nerys, Mwingereza wa Wolverhampton, si Mwelisi kama sisi. Miaka yote hii anakaa benchi la nyuma, anatusikiliza. Kumbe besi yote anayo! Akaanza kuivumisha polepole juu ya sufuria, hata pale pa kuvuta pumzi hakukosea. Tecwyn akaweka kijiko chini. Clive akageuka, masikio yamemwiva, akasema kama tumekwama, yeye yupo.

Nikamwambia, "Clive mwanangu, huu ni wimbo wa damu."

Mimi. Mimi ndiye nimesema hivyo.

Akasema anaelewa, mama. Akarudi kwenye sufuria yake. Tecwyn akanitazama, halafu akatazama dirishani.

Ijumaa, 4 Januari

Lowri kapiga tena, anauliza kile kiboksi. Alinipa Krismasi. Unatema mate kwenye kichupa, unatuma kwa posta, wanakwambia damu yako imetoka wapi na wapi. Siku hizi ndiyo mambo yao. Mwenzake mmoja kazini alikuwa anajiona Mwelisi mtupu, akaambiwa ana Unorwei kidogo, sasa kabandika bendera ya Norwei kwenye gari! Na hajawahi kuvuka hata kwenda Ireland. Lowri anasema mimi nitatoka Mwelisi toka utosi hadi unyayo, na yeye ataweka majibu kwenye fremu.

Sharti lao, usile wala usinywe kabla ya kutema. Basi kila akipiga, ndio kwanza nimekunywa chai. Nimekunywa chai mpaka naelea.

Haya, niseme. Hapa nipo peke yangu na hii simu.

Mimi sikuzaliwa na Mam, huyu niliyemwita mama. Aliniambia mwenyewe, amelala pale chumba cha mbele, siku zake za mwisho. Wakati wa mabomu ya Liverpool, mji wa Waingereza, mwanamke mmoja alikimbilia huku mashambani na kichanga. Akamwachia Mam kile kichanga, akarudi mjini kuchukua vitu vyake. Ndio ikawa basi. Wakati ule tulikuwa tunakaa upande wa Bala. Vita vilipoisha tukahamia bonde hili, na hapa watu wakanijua Ceinwen wa shamba la Cefn Rhos, bintiye Tada, pua ya Tada, eti na hasira za Tada. Mume wangu amekufa hajui. Nerys hajui.

Clive mwenyewe ana bibi Mwelisi, wa Swansea! Aliniambia siku ya harusi yao, kwa furaha, maskini, kama mtu anayeleta zawadi. Nikacheka. Nikamwambia Swansea ni mbali.

Jumatatu, 7 Januari

Clive kaniletea kuni, kazipanga vizuri, kubwa chini ndogo juu, kaniuliza na habari ya nyonga yangu. Hana kinyongo. Angenuna ningepumua.

Aliyenuna ni Nerys. Amekuja kuchukua mayai, hakukaa. Anasema mumewe alijifunza besi ile bandani, msimu baada ya msimu, akikata manyoya. Eti, mama, dume letu la kondoo tulilinunua Shropshire, kwa Waingereza, na wanakondoo wake ukifika mnadani unawaita Wawelisi safi. Nikamwambia kondoo hawaimbi. Akasema ndiyo, na wana adabu kuliko wewe. Mlango akaufunga taratibu. Nerys akifunga mlango taratibu, ujue kakasirika.

Ni kweli lakini, yule dume. Wanakondoo wazuri sana mwaka ule.

Alhamisi, 10 Januari

Tecwyn alikuja kufanya mazoezi. Tukaimba mistari miwili ya mwanzo, tukaacha. Pale besi inapotakiwa kushuka peke yake palisikika saa ya ukutani tu. Nikasema tutaenda hivyohivyo. Akasema yeye hasimami mbele ya watu na kimya cha Iorwerth katikati. Nikaanza tena, wimbo wa ukoo, damu, Tada angesemaje — mdomo huu!

Akanikata. Kaka yangu hakati mtu maneno.

"Nilikuwa na miaka sita, Ceinwen. Nilienda stesheni na Tada. Yule mama wa Liverpool alikuwa amechoka, akanipa mimi kikapu nikibebe. Wewe ulikuwa ndani."

Nikakaa. Nikamuuliza kwa nini hajawahi kusema. Akasema hakuna aliyemuuliza. Kisha akaomba kipande kingine cha keki, akakipaka siagi mpaka pembeni, kama kawaida yake. Yaani miaka yote hii! Tumegombana kuhusu shamba, tumegombana kuhusu kaburi la Mam, aliwahi kukaa mwaka mzima hasemi na mimi, na neno hilo alikuwa nalo mkononi. Hakulirusha.

Alipoondoka nikajikongoja mpaka bandani kwa Clive. Nikamwambia Jumapili unaimba na sisi. Nilidhani ndio nimelipa.

Akafuta mikono. "Hapana, mama. Kwetu hatuna kitu kama hiki. Wala sijui wimbo babu yangu aliokuwa akiimba, kama alikuwa nao. Nyie mnao, na mna masharti yake. Usiyavunje kwa kunihurumia mimi."

Anayaheshimu! Uongo wangu, kauvalisha suti.

Nilikuwa nimefungua mdomo nimwambie ya kikapu. Nikamuuliza kama yule kondoo jike aliyekuwa akichechemea amepona. Akasema amepona.

Jumapili, 13 Januari

Nimeshavaa koti. Mikate ya nyama ya nguruwe ya kula baada ya ibada nimeifunga, ipo kwenye kiti hapa. Nerys ametangulia kwenda kuwasha mishumaa. Kumi na mbili na nusu hii, giza tupu nje, na barafu barabarani, kwa hiyo Clive ndiye anatupeleka. Amevaa tai. Ya kukalia benchi la nyuma.

Tecwyn amefika mapema na ule uma wake wa chuma wa kutafutia sauti, mfukoni. Nikamwambia tukikaa tu bila kutoka, watu watangoja, si unawajua, wataangalia benchi letu. Akasema wacha waangalie. Nikamwambia basi mwambie wewe Clive, wewe ndiye uliyebeba kikapu. Akasema yeye kikapu alikibeba mpaka mlangoni kwa Mam, kazi yake ikaishia hapo.

Na kama nikimwambia, kisha Clive akasema, sasa wewe, mama, unauimba kwa haki gani? Hatasema. Clive hasemi hivyo. Lakini mimi nitalisikia.

Gari linaunguruma. Nawaona dirishani. Tecwyn anaingia — anaingia nyuma! Miguu yake ile mirefu, na maisha yake yote hajakubali kukaa nyuma kwenye gari la mtu. Amekunja magoti mpaka kidevuni, anatazama mbele tu.

Clive amezunguka upande wa pili, kanifungulia mlango wa mbele, kando yake. Anapuliza viganja. Ananiita.

Nakuja, Clive. Nakuja, baba, ngoja kwanza, kuna habari ya kikapu nataka niku—