Jina Lako Kwenye Unga

S.L.P. 214,
Chuno, Mtwara.
9 Juni 1999.

Mpendwa kaka Hemedi,

Assalamu alaykum, na shikamoo. Naandika nikiamini kwamba mkono utakaofungua bahasha hii ni wako. U hali gani? Baridi ya Uingereza, huko Hull, bado inakutesa miguu? Sisi tu wazima. Mama anatembea, ingawa goti la kushoto limemvimba tangu masika. Mikorosho ya Mtawanya imeanza kutoa maua, na mwaka huu ukungu haujatusumbua sana.

Nimekuandikia mara kadhaa kwa anwani hii tangu barua yako ya mwisho, ile ya Machi 1996. Hujajibu. Leo sikulaumu, maana kuna jambo kubwa na limeshapangiwa siku.

Tarehe 23 Mei tulikwenda kaburini kwa bibi kabla ya kuanza kufyeka shamba, kama kila mwaka. Mama mkubwa Halima alishika sahani ya unga wa mtama, akawataja marehemu wetu mmoja mmoja, kila jina akiliwekea unga kidogo chini. Alipofika katikati akasema, "Na wewe Hemedi, pokea." Unga ulikuwa umeshaanguka. Sahani ikamtoka mkononi. Mimi naamini alikuwa anakuwaza tu, kama anavyokuwaza kila siku, na ulimi ukateleza. Lakini unajua kwetu: jina likishashuka na unga, haliokotwi na mtu mwingine. Mpaka mwenyewe aitwe, naye aitike.

Tangu siku hiyo nyumba haina utulivu. Nusu ya ukoo wanasema mama mkubwa hakukosea, ameonyeshwa. Mjomba Mussa akaitisha kikao, akasema umeondoka na meli ya korosho mwaka 1992, umenyamaza tangu 1996, inatosha. Anataka tukusomee hitima, Shamimu mkeo akae eda, akimaliza awe huru.

Nilipinga. Nikaitoa barua yako, nikawasomea pale ulipoandika kwamba mtu asipokuwepo nyumbani Waingereza husema tu yuko "away", hawaulizi zaidi, na kwamba nawe tukuhesabu hivyo. Mjomba akaniambia, "Wewe ndiye uliyesoma. Neno hilo hasa maana yake nini? Mtu wa namna hiyo yu hai au hayupo?" Nikapewa mpaka Ijumaa nilete jibu.

Nilikwenda kwa jirani yangu Mwalimu Yustina, mtu wa Songea anayefundisha Kiingereza. Ana kamusi nene inayoeleza maneno yalikotoka. Hapo zamani sana, kaka, yalikuwa maneno mawili: la kwanza "juu ya", la pili "njia". Aliyekuwa away alikuwa njiani, basi. Baadaye likawa neno la kuondoka, halafu la kutokuwepo, na ile safari yenyewe ikasahaulika. Siku hizi wanalitumia hata kwa vitu vinavyopungua mpaka vikaisha, kama sauti inayofifia. Na wakitaka kusema mtu amefariki bila kumshtua msikilizaji, wanaliingiza hilo hilo. Tulipofika kwenye mstari huo Yustina aliufunika kwa kidole. "Huu usiwasomee, mdogo wangu," akasema.

Ijumaa kikaoni niliwasomea huo pia. Ningeuficha kisha ukajulikana, hata lile la njiani wasingeliamini.

Zuberi, mdogo wetu yule ambaye kichwani hana kitu ila mpira, akadakia: "Away si mechi ya ugenini? Basi kaka yuko ugenini na refa hajapuliza!"

"Nyamaza wewe, hapa si uwanjani," mjomba akamkemea, ila naye niliona anazuia kicheko. Kisha akanigeukia. "Kwa hiyo, mwanangu, wenye neno lao wenyewe hawajui kama mtu wao yuko njiani au kaburini?"

Hapo Shamimu mkeo akasema kutoka mlangoni: "Kama amekufa, niacheni nimlilie. Kama yu hai, niacheni nimtukane. Nimechoka kumfanyia yote mawili."

Kikao kimeamua hivi. Hitima itasomwa Jumapili, 18 Julai, isipokuwa kama kabla ya hapo umeitwa na umeitika. Mume wa Yustina, Bwana Stefano wa bandarini, ana simu nyumbani na amekubali tuitumie. Namba nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Kila Jumamosi saa kumi jioni, kwa saa za huku, tutakuwa tumekaa pale: mama, mama mkubwa, Shamimu, mjomba na mimi. Mama mkubwa atakuita kwa jina lako. Wewe itika. Mjomba alibisha sana kwamba waya si mtu, mwisho akakubali, kwa sharti kwamba asikie sauti kwa sikio lake mwenyewe.

Sijui ni nini kilichokunyamazisha. Huenda ni ugonjwa, huenda ni makaratasi ya kuishi huko, huenda umeoa. Hayo tutayazungumza siku nyingine. Hata kama umeoa, piga. Shamimu amesema matusi yake yatakuwa mafupi.

Mama mkubwa anakusalimu. Tangu siku ile hali chakula vizuri, na sahani ya unga hataki hata kuiona. Zuberi anakusalimu, na Mwalimu Yustina ambaye hujamwona anakuombea kwa dini yake. Mwenyezi Mungu akulinde katika usingizi wako na kazi yako, akuondolee kila kinachokuzuia.

Nilipotaka kufunga bahasha mama ameniita. Anasema kama utaona haya, na sauti ikagoma kutoka, usijitese kutafuta maneno. Kohoa tu kwenye simu. Yeye atakujua, na mjomba atabishana naye.

Mdogo wako akupendaye na ambaye hajakulilia,
Rukia