Sailensa za Boti ya Bwana Temu

Jumatatu, 3 Novemba

Bomba la kushoto tena. Nimekata, nimechomelea, nimefunga sailensa nyingine. Mashine mbili za mbio, ekzosi wazi nyuma. Watalii wanaipenda boti hii, inawafikisha upesi kwa papa potwe, wale wakubwa wapole wanaoogelea nao. Watu wa pwani wanaichukia. Wavuvi wanasema inawakimbizia samaki, na msikitini hotuba haisikiki. Wamemwambia Temu, mwenye boti, kelele zisipopungua kufikia Ijumaa, atafute pengine pa kutia nanga. Boti ikiondoka Kilindoni, na kazi yangu imeondoka.

Nimewasha jioni. Afadhali. Afadhali sana.

Jumanne, 4

Temu kasema haoni tofauti. Nimekasirika. Mtu wa bara, boti kainunua juzi, ananifundisha mashine! Nikawasha mbele yake. Kaziba masikio. Maigizo. Mimi nilisimama pale pale, nimetulia.

Jumatano, 5

Nimeyapitisha maji ya kupozea ndani ya bomba, yachanganyike na moshi kabla ya kutoka. Maji humeza sauti, kila fundi wa boti anajua. Nikawasha: mnong'ono. Nikacheka peke yangu. Kisha nikawaona wanawake wanaoanika dagaa. Wamejiziba masikio kwa kanga, wananitolea macho. Sielewi. Wamepangwa? Na nani, kwa faida gani?

Nyumbani mke wangu, Mwanahawa, kanuna. Ati kaniita uani mpaka kachoka. Hakuniita. Ningesikia.

Alhamisi, 6

Leo nimelishika bomba mashine ikiwaka. Mtetemo umepanda mpaka kwenye meno. Kitu kinachotetemeka hivyo hakiwezi kuwa kimya. Basi sauti iko wapi? Nikazima. Ikabaki ile filimbi nyembamba masikioni, ambayo nimeshaizoea.

Kichwa kimevurugika. Naogopa, na sitaki kuandika naogopa nini.

Ijumaa, 7

Msikitini, katikati ya hotuba, safu nzima ikageuza shingo dirishani. Nyuso zimekunjwa. Nikageuka nami. Boti ya Temu inapita, povu jeupe nyuma. Sikusikia kitu. Nikamtazama khatibu, midomo inacheza. Hata yeye simsikii, na sijui tangu lini nimekuwa nikikaa pale kumtazama tu.

Aibu. Hofu. Vyote pamoja.

Baada ya sala wazee wamempa Temu mpaka Jumapili. Anataka kuita fundi kutoka Dar. Nimemwomba aniachie mimi.

Jumamosi, 8

Nimemwambia Mwanahawa. Hakushangaa, na hilo ndilo lililoniuma. Watoto nao wanajua. Nikamuuliza kwa hasira mbona hakuniambia. Akanishika kidevu, akasema taratibu usoni kwangu:

"Nilikwambia, Baba Saumu. Hukusikia."

Jumapili, 9

Mwanahawa kakaa ufukweni, mimi botini. Nawasha, namtazama. Mkono juu, maana yake bado. Nafunga, nawasha. Mkono juu. Kumbe nilipochomelea bomba la kushoto pana ufa, unavuja moshi. Ufa ambao fundi yeyote angeusikia. Nimeuziba. Nikawasha, mkono ukashuka polepole, ukatua pajani. Wanaoanika dagaa hawakuinua hata vichwa.

Wazee wameridhika. Boti inabaki. Temu kanipa mkono, na mimi sikujua nifurahi au nilie.

Kesho tunakwenda hospitali. Tumerudi nyumbani kwa miguu, Mwanahawa upande wa kulia, kwenye sikio lenye nafuu. Aliongea njia nzima. Nilipata nusu.