Njia ya Uani kwa Jirani

Jumatatu, 4 Machi
Nimeamka, nakuta geti. Kijana wa marehemu jirani kaweka geti la chuma uani kwake. Mnyororo, kufuli. Njia yetu ya kwenda barabarani inapita hapo miaka ishirini na tatu! Mbele ya nyumba yetu ni ngazi tupu, thelathini na mbili, na mke wangu yuko kwenye kiti cha magurudumu. Wiki ijayo ana kliniki. Tutaruka? Mimi nimeendesha lori miaka thelathini, hakuna aliyewahi kuninyima njia. Nimezunguka chumba mpaka mke kasema kaa chini, unanitia kizunguzungu.

Jumatano, 6 Machi
Baraza la ardhi. Karani mdogo, lakini anajua kitu. Kasema: mzee, haki ya njia hapa si ile ya barabarani, ya nani atangulie. Ardhi inabaki yake, kupita ndiyo haki yako — kama umepita miaka mingi, waziwazi, bila kuvunja kitu na bila kuomba ruhusa. Ukipita kwa ruhusa, huo ni wema wake tu, kesho anaufuta. Nikagonga meza. Mimi niombe? Sikuomba ruhusa hata siku ya kuoa. Kacheka, kasema nilete shahidi. Nani zaidi ya mke wangu?

Alhamisi, 7 Machi
Mke kaharibu kila kitu. "Baba Watoto, mimi pale hupiga hodi." Kila siku? Kila siku. Na marehemu alikuwa akimjibu, pita shemeji. Mimi nasukuma kiti huku napiga mluzi, nitasikia wapi? Nikamwambia, ukiulizwa, hukupiga. Kasema, "Niseme nilikuwa nakatiza uani kwa watu kama mbuzi?"

Ijumaa, 8 Machi
Kijana kaja na ufunguo na karatasi. Nimeisoma kwa kidole, neno kwa neno. Eti napita kwa ruhusa yake. Mke ananong'ona, tia saini tupumzike. Nimemrudishia vyote viwili. "Babu, ni ufunguo tu." Ufunguo wa leo. Akiuza kiwanja je?

Sijalala vizuri.

Jumanne, 12 Machi
Siku ya kliniki. Nimembeba mke mgongoni. Ngazi zote. Nimesimama mara nne — mimi, niliyepandisha tani kumi mlimani bila kupumzika. Watu wakaja kusaidia, nikawafukuza. Kanikumbatia shingo. Wakati wa kurudi walimbeba wao. Magoti yanawaka moto.

Jumatano, 13 Machi
Baraza wamekuja kuiona njia. Watatu, wamekaa uani kwetu. Nimesema kama redio: sijaomba, sijaomba, sijaomba. Kijana kainamisha kichwa. Kisha mwenyekiti kamgeukia mke wangu: mama, wewe ulikuwa unapitaje? Kaniangalia. Nikasema tumbo linanikata, nikaja huku chooni. Daftari gotini. Dirisha linatazama uani, nasikia kila kitu. Mwenyekiti anamwambia, sema tu mama, mzee hayupo. Anakohoa. Namjua huyu. Akitaka kunificha kitu hucheka, akitaka kusema kweli hukohoa kwanza.

"Mwanangu," anasema, "mimi…"

Nimefungua bomba. Maji yanapiga ndoo.