Zizi Letu Si Tupu

Dada Kemunto,

Mvua ya Nyamache inawaacha mchume chai kweli? Huku theluji imefika madirishani, na viazi vyao vya kuchemsha vimenishinda kumeza.

Nakuandikia nikiwa kwenye chumba cha joto tunamofuga bakteria. Nawapachika vipande vya DNA ili watutengenezee protini ya chanjo ya ndigana, ule ugonjwa uliomuua ng'ombe wetu. Kipande cha katikati, chenye maelezo ya protini, sikigusi. Cha mbele, kinachotoa amri ya kuanza, nabandua na kuweka kingine mpaka wakubali. Jana walikubali, dada! Protini ilijaa.

Lakini wakishiba hunuka samadi. Profesa hupita ameziba pua. Leo ameniuliza, "Unawezaje kukaa humu?" Nikamwambia nakimbia baridi. Kumbe nilikuwa nimefumba macho, namsikia Mama akikamua.

Umesema Baba anataka kubomoa zizi kwa kuwa ni tupu. Tafadhali mzuie. Mwambie mimi huingia humo kila siku.

Nimewakumbuka mno,
Bosibori