Walinivika Koti la Marehemu, Sasa Siwezi Kuondoka

Tata Hugues, mshauri wetu,

Salamu kutoka upande wa Kabuta. Miaka yote nimesoma ukurasa huu nikicheka shida za wengine, leo zamu imenifikia, na sijui pa kuanzia isipokuwa pale penye koti.

Mimi ni mchungaji, mzaliwa wa Pweto ng'ambo ya ziwa, mkimbizi wa kambi ya Mantapala, na mwaka jana mwezi wa tatu baraza la jimbo lilinituma kwenye kanisa moja hapa pwani ambalo mchungaji wake, Pasta Nkonde, alikuwa amefariki baada ya kuliongoza miaka ishirini na miwili, na kazi yangu ilikuwa ya miezi sita tu, nikae nao katika msiba, niwasaidie kumchagua mchungaji mpya, kisha niondoke. Jumapili ya kwanza mzee wa kanisa, Kingsley, alisoma barua ya baraza, na pale ilipoandikwa kwamba nitashika nafasi ya marehemu kwa muda, akafasiri kwa Kibemba kwamba nimempyana, halafu mjane, Mama Idah, akaja mbele na koti jeusi la mumewe, limelika viwikoni, akanivika mbele ya wote, akina mama wakapiga vigelegele, nami nikadhani ni heshima ya kumpokea mgeni, nikashukuru, nikahubiri nalo. Jua lilikuwa kali na sikulivua.

Tangu siku ile naitwa Pasta Nkonde. Wakimbizi wenzangu walinitania, "Ee papa, kanisa muzima ilikuoa!" nami nikacheka nao. Lakini Mama Idah akaanza kuniletea bukari na samaki kila Jumapili, na akina mama wakamwonyesha mke wangu Keren benchi la wageni, hadi siku moja akasimama njiani, mbele ya watu waliokuwa wanapakia samaki kwenye baiskeli, akaniuliza, "Sasa miye niko bibi ya nani?" naye tangu Pasaka haji tena ibadani.

Miezi sita imekuwa kumi na minne. Kamati ya kuchagua imekutana mara tatu, na kila mara Mzee Kingsley anafunga daftari lake na kusema, "Tuchague nani, na kiti iko na mutu?" Baraza likamleta Pasta Chomba kutoka upande wa Mofwe, mtu mpole aliyesomea kazi hii, wakamlisha vizuri, wakamfungia samaki wakavu wa safari, wakamsindikiza hadi barabarani. "Aksanti kwa kututembelea, ba Pasta. Mutusalimie bale ba kwenu." Sasa baraza limesema kwamba asiposimikwa kufikia mwisho wa mwezi ujao atapelekwa kwingine, na hapa hatatumwa mtu tena.

Hayo ningeyavumilia. Lakini marehemu ana binti, Mapalo, anayeishi kisiwani Kilwa, humu humu ziwani, aliyegombana na baba yake wakakaa miaka minne bila kusemezana, na hata mazishini hakuja. Mwezi uliopita alikuja. Ibada ilipokwisha alipiga magoti mbele yangu, akashika pindo la lile koti, akasema, "Tata, ulinisamehe?" Niliona Mama Idah amefumba macho, nikajibu, "Nilikusamehe zamani, mwanangu." Alilia sana, na waliovuka naye wanasema alikwenda anaimba njia nzima. Mimi tangu siku ile siwezi kuomba. Nikifungua kinywa nasikia sauti ya mtu ambaye sikuwahi kukutana naye. Nikiondoka ni kama nawafishia mchungaji wao mara ya pili, nikibaki hawatapata mwingine, na nadhani nimekwisha kuwaharibu. Niambie la kufanya, kama lipo.

Pasta wa muda, pwani ya Mweru


Pasta,

Pole. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilikasirika. Nitakueleza kwa nini, nawe univumilie, maana nilikuwa mwalimu na siwezi kujibu bila kueleza. Majina nimeyabadilisha.

Kwa msomaji asiyejua: kwa watu wa ziwa hili, mtu akifa jina lake haliachwi chini. Ukoo humchagua mmoja, humvika kitu cha marehemu mbele ya mashahidi, na tangu saa ile yeye ndiye marehemu. Watoto humwita baba, na ugomvi wa marehemu huwa wake. Huko ndiko kupyana. Ni desturi nzuri, imezuia nyumba nyingi zisibomoke. Lakini aliyepyana hatoki mpaka naye afe. Mzee Kingsley alipotafuta neno la kufasiri "kushika nafasi," hilo ndilo lililokuwa karibu na ulimi, na ndani yake "kwa muda" haimo. Simlaumu sana.

Wewe nakulaumu. Unasema ulidhani ni heshima ya mgeni. Pasta, Pweto ni hapo ng'ambo tu, huko nako watu hupyana, tena kwa neno hilo hilo. Labda Jumapili ya kwanza ulichanganyikiwa. Ya pili ulijua. Ulinyamaza kwa sababu mtu aliyezoea kuulizwa karatasi kila anapokwenda alipata ghafla jina, meza, na watu wanaosimama akiingia. Naelewa. Mimi pia nilivuka maji haya na mzigo kichwani. Lakini ulitumwa ukawasaidie kulia, nawe ukawa sababu ya wao kutolia. Miezi kumi na minne hakuna aliyesimama ndani ya kanisa lile akasema Pasta Nkonde amekufa. Watamchaguaje mwingine?

Juu ya Mapalo sina maneno laini. Kumwambia kwamba Mungu husamehe ni kazi yako. Kusamehe kwa kinywa cha Nkonde hukupewa na mtu yeyote, wala na koti. Huenda alimsamehe. Huenda alikufa na hasira yake. Hakuna atakayejua, na huo ndio msiba wa binti yule, mzito kama ulivyo. Wewe ulimnyang'anya, ukampa uongo aende nao.

Sasa fanya hivi. Mwombe radhi Keren, leo, kabla hujaukunja ukurasa huu, na popote utakapokwenda kwa shughuli hii aende nawe. Liandikie baraza barua yenye tarehe ya kuondoka kwako. Kisha chukua watu wawili wa ukoo wa marehemu, mwende mchana kweupe kwa Mama Idah, ulirudishe koti mikononi mwake. Usimpe Kingsley, usiliache madhabahuni. Atakataa. Kaa hapo mpaka alipokee. Ukoo ukitaka mpyani, na wamchague mtu wa damu yao, nyumbani kwao.

Jumapili inayofuata simama na shati lako na useme mwenyewe kwa Kibemba, bila mfasiri. Kama Kibemba chako ni kibovu, kiwe kibovu. Sema Pasta Nkonde amekufa. Sema wewe ni nani, mtoto wa nani, na unaondoka lini. Ukae chini. Wengine watalia, wengine watakutukana. Usijitetee, wala usihubiri. Chomba asiwepo siku hiyo. Mwache aje baada ya wiki mbili, akute watu waliokwisha kulia.

Siahidi kwamba watampokea. Muda umebaki mdogo, na kanisa huvunjika kwa sababu ndogo kuliko hii. Inawezekana mwaka ujao mlango ule utakuwa umefungwa, na wewe utaishi ukijua mkono wako ulikuwepo. Ukibaki, haitakuwa inawezekana tu, itakuwa hakika.

Ila kabla ya Jumapili hiyo, wewe na Keren pandeni boti ya Kilwa. Mapalo asiyasikie haya kwa wauza samaki. Mwambie aliyemjibu siku ile ni wewe. Atakuuliza kama baba yake alimsamehe. Mjibu kwamba hujui, na usiharakishe kuinuka.

Hugues